Kijiji Kilichokatwa Ki

Nchi yenyewe haiko mbali wala haiko jirani. Ukiitafuta kwenye ramani utaikuta imefunikwa na kidole cha yule anayekuonyesha. Inaitwa Sisipia, na ni nchi njema, yenye mvua pale mvua inapopenda, na watu wanaoamka alfajiri ili wawahi kusubiri. Kaskazini yake iko Tangulia, nchi isiyo na ubaya wowote isipokuwa mmoja: hutangulia. Tangulia walipata bendera, Sisipia wakapata bendera yenye rangi moja zaidi. Tangulia walijenga daraja likaanguka. Sisipia nao wakajenga, na la kwao likaanguka kwa kishindo kilichosikika mbali zaidi, gazeti la serikali likaandika hivyo hivyo kwa fahari.

Mambo yalikwenda vizuri hadi ulipofanyika Mkutano wa Mataifa wa Kulinganisha Majiji. Huko kila nchi ilitakiwa kutaja ukubwa wa jiji lake kuu, na kila nchi ikataja kwa kipimo ilichokuja nacho kutoka kwao. Moja ilihesabu watu wanaolala ndani ya mipaka ya manispaa basi. Nyingine ilihesabu na wale wa pembeni wanaoingia asubuhi kufanya kazi na kurudi jioni. Nyingine ilichora mstari kuzunguka kila nyumba iliyogusana na nyumba, hata kama zimegusana kwa bati tu. Ilikuwa sawasawa na wanawake watatu kushindana uzito kwenye mizani, mmoja kapanda na kanga yake, wa pili kapanda na mtoto mgongoni, wa tatu na ndoo ya maji kichwani, halafu mshindi akapigiwa vigelegele.

Tangulia walihesabu, katika jiji lao la Zaidi, kila mtu aliyewahi kusikia harufu yake. Wakakaa mbele. Sisipia walihesabu, katika jiji lao la Makuu, watu wanaoishi Makuu, kwa sababu mjumbe wao alikuwa mgeni kazini na bado ana tabia ya kusema kweli. Wakashika mkia. Mjumbe aliporudi alipandishwa cheo, akapelekwa kuwa balozi kwenye kisiwa ambacho maji yakijaa hakionekani.

Mtukufu Rais akaita mawaziri akawauliza jiji hukuzwa vipi. Wa ujenzi akasema barabara. Wa maji akasema maji. Wa nyumba akasema nyumba, kisha akaona wenzake wanamtazama, akaketi. Ndipo aliposimama Mheshimiwa Daktari Mapana, Waziri wa Ukubwa na Ulinganifu, mtu ambaye kwenye picha za serikali alichukua nafasi ya wawili.

"Mtukufu," alisema, "jiji si lazima likue. Inatosha tukibadilisha maana yake."

Maneno hayo yalichapwa kwenye kanga za sikukuu, na wanawake wakazivaa, maana kanga ni kanga.

* * *

Sasa huko Matopeni, mbali na Makuu kiasi kwamba gazeti likifika limekwisha kuwa la kufungia karanga, aliishi Bi Sikudhani na mumewe, Mzee Ngwali. Ngwali alikuwa mchimba visima. Kisima cha pale kijijini alikichimba yeye, na vingine vya vijiji vya jirani, na udongo wa Matopeni aliujua kama mtu anavyoujua mgongo wa mkewe. Lakini kifua kilikuwa kimemkamata, anakohoa hadi kitanda cha kamba kinaitikia, na hakuna tena aliyejidanganya kwamba atapona. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kulisema.

"Mimi sitaki mambo mengi, mama Mwanakheri," alimwambia mkewe. "Nataka uani. Pale kando ya mtoto. Udongo wa pale mlaini, hautawasumbua."

Mwanakheri alikuwa binti yao wa pekee, aliyekwenda zake akiwa bado anahesabu meno yaliyong'oka. Kaburi lake liko uani, nyuma ya migomba, na watu wa Matopeni tangu na tangu huzikana uani. Aliye hai anafagia, aliyelala anafagiliwa. Bi Sikudhani akamjibu mumewe, "Hilo tu? Hilo umelipata." Akadhani ametoa ahadi rahisi. Jina lake lilikuwa limekwisha kumwonya tangu utotoni.

Wiki hiyo hiyo lilikuja gari la Waziri, na nyuma yake lori lenye fundi na msumeno. Mwenyekiti wa kijiji, Pazi, alikusanya watu penye kibao cha njia panda, kile cha mbao kilichoandikwa KIJIJI CHA MATOPENI.

"Ndugu wanakijiji," alianza Mheshimiwa Mapana, akacheka kama mtu aliyejikwaa makusudi. "Samahanini. Ulimi una mazoea mabaya. Nani atanieleza tofauti ya kijiji na jiji?"

Mmoja akasema barabara. Mwingine akasema umeme. Bi Sikudhani akasema, "Hospitali, baba."

"Hapana, mama yangu. Wataalamu wetu wamejifungia hotelini na suala hili hadi vitafunio vikawaishia. Tofauti ya kijiji na jiji ni ki. Ki peke yake. Itazameni wenyewe." Akanyoosha fimbo kwenye kibao. "Ki ni nini? Ki ni udogo. Ki ni unyonge. Tumetembea na ki hii miaka yote, tunashangaa kwa nini hatufiki. Leo, kwa mamlaka niliyopewa, naiondoa, na nyinyi mnakuwa sehemu ya Jiji Kuu la Makuu. Fundi, kata."

Fundi akakata. Kipande chenye KI kikaanguka vumbini, kikabaki kibao kinachosema JIJI CHA MATOPENI. Mwalimu wa shule alifungua mdomo kuhusu hiyo "cha", akaambiwa sarufi haikuwemo kwenye bajeti. Watu wakapiga makofi. Hawakuwa wajinga, ila makofi ndiyo njia ya haraka ya kumaliza hotuba.

Bi Sikudhani alikiokota kile kipande, maana mbao ni mbao, akaenda nacho nyumbani.

"Umeokota nini huko?" aliuliza Ngwali kutoka kitandani.

"Ki."

"Ki gani?"

"Ya kijiji. Wameikata wakaitupa."

Ngwali alicheka hadi kikohozi kikamkumbuka. Alipotulia akasema, "Kiweke vizuri basi. Kijiji kizima hicho, umekitia kwapani."

Akakiweka kufunikia mtungi wa maji.

* * *

Pazi hakuwa tena mwenyekiti, akawa Mstahiki Meya, akavaa mnyororo shingoni uliotoka kwenye baiskeli yake mwenyewe. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Bi Sikudhani, na utotoni alilelewa pale pale kwa Ngwali, akila na kumaliza. Sasa alitembea na kopo la rangi akiondoa ki popote alipoikuta. Kisima cha Ngwali kikaandikwa Sima, watu wa mbali wakaja na mboga. Kituo cha afya kikawa Tuo la Afya, dawa zikabaki pale pale zilipokuwa, yaani hakuna. Kilima kikawa Lima, na papo hapo kulima kukapigwa marufuku, kwa sababu jijini hakulimwi. Kijana alipoondolewa ki alibaki jana, na kweli ukiwatazama vijana walivyokaa ukutani uliona mambo yao yote yako huko. Waliosamehewa ni vigogo wa serikali peke yao, maana kigogo ukimtoa ki anabaki gogo, na Bunge likaona huo ni ukweli usio wa lazima.

Lakini kukata ki hakukutosha. Mkutano wa Mataifa ulitaka ushahidi kwamba mahali ni sehemu ya jiji kweli. Basi akaja mtaalamu, Bwana Sudi, kijana mpole mwenye miwani, akapita nyumba kwa nyumba.

"Bibi, asubuhi unakwenda Makuu kazini?"

"Makuu ile ya Rais?" Bi Sikudhani alikuwa anachambua kunde. "Hapana, baba. Nimewahi kumwona mtu aliyewahi kwenda."

"Alirudi jioni?"

"Hajarudi mpaka leo."

Bwana Sudi akakuna kichwa. Alikuwa na huruma, alitaka watu wafaulu. "Tuseme hivi. Asubuhi ukiamka, huifikirii Makuu?"

"Naifikiria. Mume wangu kifua kinambana, na hospitali yenye mashine ya kifua iko huko."

"Kwa hiyo kila asubuhi mawazo yako yanakwenda Makuu."

"Yanakwenda."

"Na jioni?"

"Yanarudi mikono mitupu."

"Msafiri wa kila siku," alisema Bwana Sudi kwa furaha, akamtakia mgonjwa nafuu.

Kipimo kingine kilitaka majengo yasikatike kutoka Makuu hadi mwisho wa jiji. Sasa baina ya Matopeni na Mgombani, kijiji cha mbele yake, ipo mbuga tupu, inayochosha hata kunguru. Serikali haikuwa na matofali ya kutosha, ikakaa, ikajiuliza: jengo ni nini, kama si mahali penye mlango? Ikasimamisha milango. Milango na miimo yake, iliyopigwa rangi ya bluu, kila mmoja na namba, imepangana kukata mbuga nzima bila ukuta hata mmoja. Upepo ukivuma ilifunguka na kufungwa, utafikiri mtaa mzima umegombana. Mgambo wa jiji walikatazwa kupita pembeni. Walipiga hodi, wakasubiri, wakaingia, wakatokea upande wa pili palepale mbugani.

Halafu zikasomwa sheria ndogo za jiji. Mbuzi marufuku. Jembe marufuku. Kuanika mihogo mbele ya nyumba marufuku, kunaharibu sura. Na kuzika uani marufuku.

Bi Sikudhani aliyasikia yote, akashika moja.

* * *

Alimkuta Pazi ofisini, ambako zamani palikuwa banda la pamba.

"Pazi, mwanangu, baba yako mkubwa hana siku nyingi. Amekwisha kusema anapotaka kulala. Uani, kando ya Mwanakheri."

"Mama mkubwa, mbele za watu niite Mstahiki."

"Watu wako wapi?"

Pazi akatazama. Hapakuwa na mtu. "Hata hivyo."

"Mstahiki Pazi niliyekufuta kamasi, nasema uani."

"Haiwezekani. Anayefia jijini anazikwa na jiji, kwenye Makaburi Makuu. Ndivyo wanavyofanya duniani. Mkutano unaangalia mambo hayo."

"Huko Makuu kwenyewe? Mwendo wa basi wa siku mbili?"

"Jiji ni moja, mama mkubwa. Ni sawa na kumtoa chumba hiki kumpeleka chumba cha pili."

"Na mimi nikitaka kufagia kaburi lake, nafagia kutoka chumba hiki?"

Pazi hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi zaidi, mtu angemlaani akapumua. Alichungulia dirishani, akashusha sauti. "Sikiliza. Sheria inamshika aliyefia ndani ya jiji. Aliyefia kijijini si wetu, nduguze wanamzika wapendapo. Mkimtoa nje ya jiji, akafia huko, mkamrudisha kama mgeni, mimi nitakuwa natazama upande mwingine."

"Na nje ya jiji ni wapi?"

Mstahiki Meya akafikiri sana.

"Ulizeni mbele," akasema.

* * *

Kesho yake Ngwali alibebwa na kitanda chake. Walibeba majirani wanne, wanaume wenye mabega ya wachimba visima, na Bi Sikudhani akafuata na mwenzake Bi Mashavu, mjane wa nyumba ya tatu, ambaye alikuja kwa sababu hapendi kuhadithiwa. Walikuwa wasafiri wa ajabu, maana watu wote duniani humkimbiza mgonjwa jijini akapone, hawa walimkimbiza atoke jijini akafe.

"Somo," Bi Mashavu alimwambia shoga yake njiani, "wewe uliolewa kwa kubebwa kitandani?"

"Nilikwenda kwa miguu yangu."

"Basi kati yenu aliyeheshimiwa ni yeye."

Ngwali akasema kutoka juu, "Nawasikia."

Walipita milango ya mbugani, wakafika Mgombani. Kibao: JIJI CHA MGOMBANI. Wakauliza nje ya jiji ni wapi, wakaambiwa mbele. Wakafika Maweni. JIJI CHA MAWENI, na unga wa mbao bado uko chini, mweupe. Wakafika Kwa Nyoka, unga wa mbao ukawa na joto la msumeno. Hapo wakaelewa kwamba lile lori liko mbele yao, nao walikuwa wanalifukuza jiji lililokuwa likikimbia.

Wakakata njia ya mkato, wakashuka bondeni, wakapandia upande wa pili karibu na mto wa mpaka. Na pale, juani, kilisimama kibao kizima kisichoguswa: KIJIJI CHA UKINGONI. Bi Sikudhani alikisoma mara ya kwanza, akakisoma tena kwa utamu.

"Mteremsheni hapa," alisema. "Baba Mwanakheri, tumefika kijijini."

"Kweli?"

"Ki ninaiona kwa macho yangu."

"Basi nyamazeni," alisema Ngwali, "nijitahidi."

Akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Bi Sikudhani akamshika mguu. Alimwombea kifo mume aliyempenda, na alimwombea kwa haraka, huku akijiona anavyomwomba, na hiyo dua hakuna aliyepata kumfundisha. Lakini kufa si kupiga chafya. Ngwali alijitahidi, akakohoa, akajitahidi tena, uso ukapata hata rangi.

Ndipo lori lilipofika. Fundi akateremka na msumeno wake, akaona kitanda na watu, akavua kofia.

"Tungoje kidogo, baba," Bi Sikudhani alimwambia. "Mzee anakaribia."

Fundi alikuwa mtu aliyelelewa. Alikaa kwenye jiwe, akavuta sigara taratibu, akaizima, akaweka kipisi nyuma ya sikio. Akatazama jua. Akamtazama Ngwali. Akakohoa kwa adabu.

"Mama, kama ingekuwa ni mimi tu. Lakini Waziri kesho anasoma ukubwa redioni."

Akakata. Msumeno ulipomaliza, Ngwali alifumbua jicho moja.

"Wamekata?"

"Wamekata."

"Na ng'ambo ya mto?"

Wakasikiliza. Ng'ambo ya mto ni Tangulia, na huko nako misumeno ilikuwa inalia, mingi zaidi.

"Nirudisheni basi," alisema Ngwali. "Nimechoka kuzurura mjini."

Walirudi polepole. Katikati ya ile mbuga aliomba wapumzike, wakamweka kivulini mwa mlango mmoja wa bluu, kivuli chembamba kama ukanda.

"Nyumba ya nani hii?" aliuliza.

"Ya serikali."

"Tusikae mlangoni pa watu bila salamu. Piga hodi, mama Mwanakheri."

Bi Sikudhani akapiga hodi. Mlango ukajifungua kwa upepo, ng'ambo yake kuna nyasi, na mbali sana kuna nyasi nyingine. Alipogeuka kumwambia mumewe kwamba hakuna mtu, akakuta ni kweli kuliko alivyodhani.

* * *

Mgambo wa jiji walikuja na heshima zote. Walimfunika, wakaandamana, wakapita mlangoni naye, hawakupita pembeni. Bi Sikudhani aliwafuata hadi penye gari. Aliomba apande, akaambiwa gari ni la wakazi wa kudumu.

"Na mume wangu ni nani?"

"Sasa hivi ndiyo amekuwa," alisema mkubwa wao. "Hongera, mama."

Hivyo matanga ya Matopeni yaliwekwa bila maiti, watu wakalilia kitanda. Redio ikatangaza siku ya pili yake kwamba Makuu limekuwa jiji lenye eneo kubwa kuliko yote yaliyolinganishwa, linaanzia baharini na kuishia Tangulia, na kwamba kwa kuwa nchi nzima sasa ni jiji, anayetaka kwenda mashambani aombe pasi ya kusafiria. Mtukufu Rais alicheza ngoma mbele ya watu. Mapana alipewa nishani pana.

Furaha ilidumu hadi Mkutano uliofuata. Huko mkutanoni, Tangulia, ambao nao walikuwa wamekata ki hadi mtoni na kukuta wenzao wamewahi, walisimama na hoja mpya: jiji halipimwi kwa eneo, hupimwa kwa msongamano, watu wangapi wanakanyagana vidole. Zikapigwa hesabu upya. Jiji la Makuu, pamoja na mbuga na milango yake, likaonekana ni jiji tupu kuliko yote, tupu hata kuliko majangwa mawili yaliyokuja kama wasikilizaji. Sisipia wakashika mkia tena, sasa mkia mrefu zaidi.

Mapana hakutetereka. "Ukubwa wa kweli ni ufinyu," alisema, na kanga mpya zikachapwa. Jiji likapunguzwa. Sehemu zote zenye nafasi zikatolewa nje, na Matopeni, iliyokuwa na nafasi na hakuna kingine, ikawa ya kwanza.

Bi Sikudhani alipopata habari hakumngoja mtu. Alikwenda kwa Pazi, ambaye alikuwa anaurudisha mnyororo kwenye baiskeli.

"Mstahiki."

"Niite Pazi tu, mama mkubwa. Umeya umekwisha."

"Kwa hiyo sisi si jiji tena."

"Si jiji."

"Ni kijiji."

Pazi akafuta mafuta mikononi. "Hapo pana ugumu. Vijiji vilifutwa kwa sheria, na sheria ya kuvirudisha haijatungwa. Kwa sasa barua zinatuita Mahali."

"Mahali pa wapi?"

"Mahali basi."

"Sawa, mimi ni mtu wa Mahali. Nataka mume wangu. Aliye nje ya jiji azikwe na nduguze, ulisema mwenyewe."

Pazi alikwenda kuuliza, akapanda mabasi, akapiga foleni, na hilo ahesabiwe, alikwenda kweli. Aliporudi hakuingia ndani. Alisimama uani, karibu na kaburi la Mwanakheri, akaongea na migomba.

"Wamekataa. Wanasema Makuu inatafuta msongamano kwa udi na uvumba, na wanahesabu hata waliolala Makaburi Makuu. Wanasema pale jijini hakuna waliosongamana kama wao. Hawawezi kutoa hata mmoja."

Bi Sikudhani aliendelea kufagia.

"Uliliona lenyewe? Kaburi lake?"

"Niliona sehemu. Hayana majina, mama mkubwa. Wamepangwa kwa kimo."

Pazi alipoondoka, Bi Sikudhani aliingia ndani, akaondoa ile KI juu ya mtungi, akaipangusa. Akaichukua uani akaisimamisha kando ya Mwanakheri, pale pale Ngwali alipopachagua, akaishindilia udongo kama wanavyoshindiliwa mashahidi, vile vibao viwili vinavyosimamishwa kichwani na miguuni pa kaburi. Huyu alikuwa shahidi mmoja, na kaburi lenyewe halikuwapo, lakini nchini humo shahidi huwa hashuhudii alichokiona. Toka siku hiyo akawa anafagia pande zote mbili.

* * *

Mvua zilikwenda zikarudi kabla Bwana Sudi hajatokea tena Matopeni, safari hii kwa baiskeli, miwani imefungwa kwa uzi. Alipiga hodi penye mlango wa kweli.

"Bibi, habari za siku. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amehamia jijini."

"Aa, vizuri. Wengine wanalitafuta jiji maisha yao yote wasilipate." Akakaribishwa uani, akapewa maji. "Bibi, nimekuja kwa jambo la furaha. Tangulia wamebadilisha tena. Sasa Mkutano unalinganisha vijiji, nani anavyo vingi na vimetunzwa. Mheshimiwa Mapana amesema ukubwa wa kweli ni udogo uliohifadhiwa. Kwa hiyo tunarudisha ki zote. Ila ki zenyewe watu wamekwisha kupikia. Nikaambiwa wewe unayo."

Kisha akaiona. Akaweka kikombe chini.

"Ki gani ile, bibi, pale kwenye migomba?"

Bi Sikudhani hakuitazama. Alikuwa anajua ilipo.

"Kilichobaki," alisema.

Bwana Sudi alivua viatu kabla ya kupasogelea, kwa kuwa alikuwa kijana mpole. Upole huo huo ndio uliomfanya aitikise taratibu alipokuwa anaing'oa, asiivunje. Wakaenda wote njia panda. Akaipigilia misumari, na kwa kuwa mbao moja ilikuwa imekula mvua na nyingine imekula jua, zilikataa kufanana, lakini zilisomeka: KIJIJI CHA MATOPENI. Mwalimu wa shule alifurahi peke yake, sarufi imerudi. Watu wakapiga makofi kama kawaida.

"Kwa hiyo sasa ni kijiji," Bi Sikudhani alimuuliza.

"Kamili."

"Na kuzika uani?"

"Ruhusa, bibi. Desturi za asili zinaongeza alama."

"Na yule aliyehamia jijini?"

Bwana Sudi alipanda baiskeli, akaangalia njia yote iliyokuwa mbele yake. "Huyo, bibi, ni wa hesabu ya zamani," alisema. "Hesabu ya zamani imefungwa."

Jua lilikuwa bado juu Bi Mashavu alipopita kuomba moto, akasikia jembe nyuma ya nyumba. Akazunguka. Akamkuta mwenzake ndani ya shimo lililomfika magotini, kando ya Mwanakheri, pale ilipong'olewa ki, anachimba bila haraka, kama alivyoona mumewe akichimba visima, udongo anauweka upande mmoja.

"Somo, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi unamchimbia nani?"

"Najichimbia." Bi Sikudhani alisimamisha jembe, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, ile ya maneno ya Waziri. "Leo ni kijiji, shoga yangu. Kesho sijui. Acha niwahi, kabla hawajajilinganisha tena."

Bi Mashavu alitazama shimo, akatazama njia panda kule kibao kilikosimama na ki yake ya rangi nyingine. Akalikunja pindo la gauni.

"Sogea huko," alisema. "Na kaburi langu litaenea?"